Redio Iingiapo Ndani ya Santuri: Shauri kwa Wenye Vinanda Kericho na Bomet

Ziko nyumba katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet ambamo kinanda cha santuri kingali kikipigwa, na sahani zake zimewekwa kabatini kwa uangalifu, nyingine zikiwa ni urithi wa baba au babu. Mwenye nyumba huweka sahani yake, hushusha sindano polepole, na badala ya kumsikia mwimbaji peke yake asikia nyuma yake mtu akisoma habari, au akitangaza dawa ya kuogeshea ng'ombe, kwa Kikalenjin safi. Atazamapo chumbani haoni redio yoyote iliyofunguliwa. Wako wadhanio kwamba sahani imeharibika. Wengine humpelekea fundi kinanda kibadilishwe sindano, nayo sindano mpya husoma habari zile zile.

Jambo hili si uchawi wala si uharibifu wa sahani. Lina sababu yake, na mara nyingi laweza kuondolewa kwa gharama ndogo au bila gharama kabisa, maadamu mtu atafuta kwanza mahali redio inapoingilia kabla ya kununua kitu cho chote. Tena iko njia moja ya kuliondoa ambayo ni ya hatari, nayo hupendwa na wasiojua. Tutaieleza hapa chini.

Yafaa kwanza tueleze kwa nini jambo hili ni kubwa kuliko usumbufu wa jioni moja. Nchi hii ina historia ya santuri. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alirekodi huko Kapkatet wasichana wa Kipsigis wakiimba wimbo uitwao "Chemirocha". Jina hilo latokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyekufa mwaka 1933, ambaye sahani zake zilikuwa zimefika kwa Wakipsigis pamoja na gramafoni za kuzungushwa kwa mkono, na jina lake likageuka kwa kadiri ya ndimi za wenyeji. Baadaye duka la Chandarana mjini Kericho likarekodi na kuuza sahani ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, za waimbaji wa Kipsigis na wa makabila mengine ya magharibi ya Kenya. Nyingine katika sahani hizo hazipatikani tena dukani. Mtu aliye na moja nyumbani kwake huenda ana kitu ambacho jirani zake wote hawana, na akitaka kukihifadhi, huipiga sahani hiyo na kuinakili katika kompyuta.

Hapo ndipo hasara ilipo. Sauti ya mtangazaji ikiingia katika nakala, hakuna fundi awezaye kuitoa yote bila kuijeruhi sauti ya mwimbaji, kwa kuwa sauti mbili za watu hukaa mahali pamoja, kama maji na maziwa yaliyokwisha changanywa. Na kila mara sindano ipitapo katika mfuo huula kidogo. Sahani iliyokwisha chakaa haina mapigo mengi ya kupoteza kwa majaribio.

Gramafoni zile za kuzungushwa kwa mkono hazikujua taabu hii hata kidogo. Hazikuwa na umeme. Sindano ilitikisa kiwambo chembamba, kiwambo kikatikisa hewa, na pembe ikaikuza sauti. Mawimbi ya redio hayakuwa na mlango wa kuingilia. Hata vinanda vya sanduku vilivyokuja baadaye, vingi vilikuwa na kichwa cha sindano cha namna ya kauri, ambacho hutoa umeme wa kutosha, na kwa hiyo amplifaya yake haikuhitaji kuukuza sana.

Vichwa vya sindano vya siku hizi ni vya namna nyingine. Ndani yake mna sumaku ndogo mno itikiswayo na sindano kando ya nyaya nyembamba zilizoviringwa, nao umeme utokao ni kiasi cha volti 5 zilizogawanywa kwa elfu. Betri moja ya tochi, ambayo ni ya volti moja na nusu, ina nguvu mara 300 kuliko umeme huo. Ili usikike, hapana budi ukuzwe kiasi cha mara 100 kabla haujafika katika amplifaya yenyewe, na kazi hiyo hufanywa na kikuza sauti cha awali, ambacho ama kimo ndani ya kinanda, ama ndani ya amplifaya, ama katika kisanduku cha peke yake. Basi chombo kikuzacho kitu kidogo hivyo hukuza pia kila kidudu kilichoingia njiani.

Sasa redio huingiaje? Waya wo wote ulionyoshwa hewani ni antena, apende asipende mwenye waya. Mawimbi ya stesheni za FM, kama vile Kass FM, Chamgei FM au Kitwek FM ambazo wasomaji wetu wa huku wanazijua, yana urefu wa karibu mita 3. Waya wenye urefu wa robo ya wimbi, yaani kiasi cha sentimita 75, huyapokea vizuri sana. Na nyaya zitokazo kwenye kinanda kwenda kwenye amplifaya, pamoja na zile za kwenda kwenye spika, mara nyingi ni za urefu wa kuanzia hapo kwenda juu. Nyumba iliyo juu ya kilima, inayouona mnara wa redio ng'ambo ya bonde la michai, hupata mawimbi yenye nguvu kupita ile iliyojificha bondeni.

Lakini kupokea wimbi peke yake hakutoshi, kwa maana wimbi la redio ni la kasi mno na sikio halilisikii. Lazima kiwepo kitu cha kulitenga wimbi na sauti lililoibeba. Wazee wengine wataikumbuka redio ya jiwe, iliyofanya kazi bila betri: ilikuwa na waya mrefu, kipande cha jiwe la madini, na kisikilizio cha sikioni. Jiwe lile lilipitisha umeme upande mmoja zaidi ya mwingine, na hilo likatosha kuifungua sauti. Transista ya kwanza katika kikuza sauti cha awali yaweza kutenda kama lile jiwe bila kuagizwa. Na hata plagi iliyoshika kutu yaweza! Katika nchi iliyo juu zaidi ya mita 2,000 na yenye mvua karibu mwaka mzima, kutu ya plagi si jambo geni. Mawimbi ya FM hayakutungwa yafunguliwe kwa njia rahisi hivyo, na kwa sababu hiyo sauti yake mara nyingi husikika imekwaruzika. Sauti ya mawimbi ya kati, yaliyotumiwa na redio kwa miaka mingi, husikika wazi zaidi.

Kabla ya kugusa kitu, sikiliza vizuri, maana si kila kelele ni redio. Mvumo wa chini usiokoma, kama wa nyuki mzingani, ni umeme wa nyumba, ambao Kenya hugeuka mara 50 kwa sekunde. Santuri huzidisha ubaya wake, kwa sababu sahani hukatwa sauti nene zikiwa zimepunguzwa, kisha kikuza sauti huzirudisha; kwa kipimo kilichokubaliwa tangu mwaka 1954, mvumo huo hukuzwa kiasi cha mara 7 kuliko sauti ya katikati. Mlio wa "trr-trr-trr" ujao ghafula kabla simu ya mkononi haijalia ni wa simu yenyewe, hasa ile itumiayo mtandao wa zamani, ambayo hupiga mapigo 217 kwa sekunde. Iondoe mezani, na taabu imekwisha. Kishindo kimoja kila sekunde au zaidi kidogo, kwa kufuatana kama saa, ni cha ua wa umeme wa kuzuia ng'ombe. Mkwaruzo upandao na kushuka pikipiki ipitapo njiani ni wa cheche za injini yake. Na mchirizo mwembamba usiokwisha yafaa utafutwe katika chaja ya simu, taa za LED za bei rahisi, au inveta ya umeme wa jua.

Hili la mwisho tulitilie mkazo, kwa kuwa nyumba nyingi za mashambani sasa zatumia umeme wa jua. Inveta igeuzayo umeme wa betri kuwa volti 240 hukatakata umeme huo kwa kasi, na vipande vyake huenea katika nyaya zote za nyumba. Kile kisanduku kidhibiticho uchajishaji wa betri nacho hufanya vivyo hivyo jua liwakapo. Jaribio lake ni jepesi: piga santuri usiku, wakati paneli zimelala, na ulinganishe na mchana. Usiku kukiwa kimya, usimlaumu mtangazaji.

Ikiwa kweli ni sauti ya mtu au muziki usio wa sahani, basi fuata njia hii ya kutafuta, wala usiruke hatua. Inua sindano, na uache amplifaya ikiwaka. Punguza kifundo cha sauti mpaka mwisho. Mtangazaji akiendelea kusema kwa sauti ile ile, hakuingilia upande wa santuri hata kidogo. Ameingia nyuma ya kifundo hicho, na mara nyingi mlango wake ni nyaya za spika. Akinyamaza, ameingia mbele yake. Sasa rudisha sauti kiasi, ugeuze kifundo cha kuchagulia kutoka santuri hadi mahali pengine, kwa mfano pa kaseti, ambapo pasiwe na kitu kilichochomekwa. Akinyamaza, umebakiwa na kinanda, nyaya zake na kikuza sauti cha awali. Zima amplifaya, chomoa nyaya za kinanda, kisha uiwashe tena. Redio ikitoweka, yaingia kwa nyaya hizo au kwa mkono wa kinanda. Ikibaki, imo katika kikuza sauti chenyewe au yapita katika waya wa umeme. Ni lazima kuzima kabla ya kuchomoa, kwa maana waya uchomolewao amplifaya ikinguruma waweza kupasua spika.

Mtu aliyefanya hayo kwa robo saa anajua zaidi ya yule aliyenunua nyaya za bei kubwa kwa kubahatisha. Twaona mara kwa mara watu wakiuziwa nyaya nene zenye kung'aa, eti zitafukuza redio. Unene haufukuzi kitu. Kinachofaa ni waya ambao ule wa ndani umezungukwa pande zote na waya uliosukwa, nao usukwe vizuri na kushikwa imara kwenye plagi katika ncha zote mbili.

Tuseme umeipata nyaya za kinanda kuwa mlango. Anza na ule waya mwembamba wa peke yake, mara nyingi wa kijani au mweusi, utokao nyuma ya kinanda. Huo ni waya wa ardhi wa kinanda, na mahali pake ni kwenye skrubu ndogo nyuma ya amplifaya au ya kikuza sauti. Watu huuacha ukining'inia kwa kudhani hauna kazi. Ukazwe vizuri, baada ya kuukwangua mpaka shaba ing'ae. Kisha toa plagi zote moja moja, uzisafishe kwa spiriti na kitambaa safi, uzirudishe kwa kuzizungusha kidogo. Pia zile plagi ndogo nne nyuma ya kichwa cha sindano zisafishwe, kwa koleo ndogo na mkono usiotetemeka, maana hukatika upesi.

Baada ya hapo sogeza vitu. Kinanda kikae karibu na amplifaya ili nyaya ziwe fupi, wala zisiviringwe kama kamba ya ng'ombe, na zisilale sambamba na waya wa umeme. Kukigeuza kinanda robo ya mzunguko, au kukihamisha kutoka ukuta wa upande wa mnara hadi ukuta mwingine, pengine kwatosha. Jambo hili hushangaza watu, lakini antena yo yote hupokea vizuri upande mmoja na vibaya upande mwingine, na nyaya zako ni antena.

Redio ikizidi kusema, tafuta pete za feraiti. Ni vile vivimbe vyeusi, vigumu kama jiwe, vilivyomo katika nyaya za kompyuta za zamani, na fundi wa redio mjini Kericho, Litein au Bomet huenda ana vilivyoharibika chini ya meza yake ambavyo atakupa kwa bei ya chai. Pitisha waya ndani ya pete mara nyingi kadiri uwezavyo, karibu kabisa na pale unapoingia kwenye amplifaya. Feraiti huyazuia mawimbi ya kasi ya redio yasipite juu ya waya, lakini huiacha sauti ya santuri ipite bila kudhurika. Dawa hii hufaa nyaya za kinanda, za spika na waya wa umeme pia. Kwa nyaya za spika, ambazo hazina ulinzi wo wote wa nje, ndiyo dawa kubwa, pamoja na kuzifupisha na kuzisokota zile mbili pamoja.

Iko dawa nyingine ya ndani, nayo ni ya fundi mwenye chuma cha kulehemu. Kapasita ndogo ya kauri ya pikofaradi 100 hulehemewa kwenye soketi ya kuingilia santuri, kati ya waya wa katikati na ule wa nje, moja kwa kila upande. Kapasita hiyo hulipa wimbi la redio njia fupi ya kutokea kabla halijafika kwenye transista. Lakini hapa fundi asizidishe. Kichwa cha sindano cha sumaku kwa kawaida hutaka jumla ya pikofaradi 150 hadi 300 hivi, na nyaya zenyewe zimekwisha kula sehemu, mara nyingi kiasi cha 100 kwa kila mita. Ukizidisha, redio itanyamaza, lakini na matoazi na kengele za miguuni katika sahani yako zitakuwa kama zimefunikwa blanketi.

Sasa ile njia ya hatari. Wako watu ambao, wakisikia mvumo au redio, huvunja au hukata ule mguu mrefu wa plagi ya miguu mitatu, au huufungua waya wa ardhi ndani yake, na kweli pengine kelele hupungua. Mguu huo haukuwekwa kwa ajili ya muziki. Waya wa moto ukigusa sanduku la chuma la amplifaya, mguu huo ndio upelekao umeme ardhini ili fyuzi ikatike. Ukiukata, sanduku lile litangoja limshike mtu wa kwanza atakayeligusa, na sakafu ya saruji yenye unyevu haitamsaidia. Vile vile usifunge waya wa kinanda kwenye bati la paa wala kwenye bomba la maji kwa kudhani hiyo ndiyo ardhi nzuri. Ikiwa amplifaya yako yenye miguu mitatu yavuma katika kila soketi ya nyumba, huenda waya wa ardhi wa nyumba nzima umekatika, na hapo pataka fundi wa umeme mwenye leseni, si mwenye santuri.

Radi nayo ina neno lake katika nchi hii. Wakazi wa Kericho wanajua jinsi pepo za upande wa ziwa zinavyokutana na zile za mashariki alasiri, na mara mawingu yakapanda, ikanyesha mvua ya mawe juu ya michai. Kila umeme upigapo huko juu hutoa wimbi la redio, nalo husikika katika kinanda kama mkwaruzo wa ghafula ambao hakuna pete ya feraiti iwezayo kuuzuia wote. Hatari kubwa zaidi ni umeme wa radi uingiao kwa nyaya za nguzo. Usikiapo ngurumo za mbali, zima na uchomoe plagi ukutani. Kubonyeza kitufe peke yake hakutoshi, kwa maana radi iliyoruka kilomita nzima hewani haishindwi na nafasi ya milimita chache ndani ya swichi.

Kwa mtu anayetaka kunakili sahani iliyo ya pekee, saa nzuri ni ya asubuhi na mapema, kabla ya mawingu. Aweke simu chumba kingine, azime taa za LED na chaja zote, na kompyuta yake ifanye kazi kwa betri yake yenyewe badala ya waya wa ukutani. Aijaribu kwanza njia yote kwa sahani asiyoijali: aishushe sindano, aongeze sauti zaidi ya kawaida, na asikilize kwa makini ile mifuo mitupu ya mwanzo kabla wimbo haujaanza, kwa kuwa hapo ndipo mtangazaji husikika kwanza. Hapo kukiwa kimya, ndipo aitoe kabatini sahani ya babu, aifute vumbi, na kuipiga mara moja.